Siri ya ng'ombe wa kienyeji yafichuliwa maabarani, mfugaji angali gizani

KWA MUDA mrefu ng'ombe wa kienyeji amekuwa mtoto wa kambo katika sera za ufugaji humu nchini. Katika maonyesho ya kilimo, utepe humwendea Friesian mwenye kiwele kinachokaribia kugusa nyasi. Katika hotuba za viongozi, kuboresha mifugo kumekuwa na maana moja tu: kupunguza damu ya kienyeji na kuongeza ya kigeni.

Ilhali ukiitazama hesabu yenyewe, utapata kwamba huyo anayebezwa ndiye aliyejaa mazizini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu ng'ombe takriban milioni 15.8 kote nchini, na kati yao milioni 13 walikuwa wa kienyeji. Ng'ombe wa maziwa wa gredi walikuwa milioni 2.2 hivi, nao wa nyama wenye asili ya kigeni walizidi nusu milioni kidogo tu.

Katika miongo michache iliyopita, watafiti, wengi wao wakifanya kazi papa hapa nchini, wamekuwa wakiichunguza ngozi, damu, uboho, tezi na vinasaba vya mnyama huyu. Waliyoyagundua yanatosha kuzifanya serikali za kaunti zitafakari upya jinsi zinavyotumia fedha za umma kununua mbegu za fahali. Ni machache mno kati ya hayo yaliyomfikia mfugaji.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa ndigana kali.

Maradhi haya husababishwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, nacho huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kujibanza masikioni mwa ng'ombe. Kijidudu kikishaingia mwilini hakiziharibu chembechembe nyeupe za damu mara moja. Hujipenyeza ndani yake na kuzilazimisha zigawanyike pasipo kikomo, huku chenyewe kikigawanyika pamoja nazo. Tabia hiyo inafanana mno na ya saratani, na ndiyo sababu wanasayansi wa saratani wamekuwa wakikifuatilia kijidudu hiki kwa hamu.

Mfugaji huanza kuiona dalili chini ya sikio, pale tezi ya limfu inapovimba kama limau. Homa hupanda. Hatimaye mapafu hujaa maji, povu humtoka mnyama puani, naye hufa kana kwamba amezama akiwa nchi kavu. Inakadiriwa kwamba ndigana kali huua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika kanda hii ya Afrika. Kwa mkulima mdogo mwenye ng'ombe mmoja aliyenunuliwa kwa mkopo, kifo kimoja tu chatosha kumfilisi.

Mnamo 2022, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kundi la ng'ombe aina ya Boran. Ilikuwa imebainika kwamba wanyama wa nasaba fulani katika kundi hilo walikuwa wakinusurika wanapoambukizwa, hali wengine wakiangamia. Je, walikuwa na bahati tu, au walirithi kinga?

Jibu lilipatikana katika kromosomu ya 15. Huko kuna jeni inayofanana na ile iitwayo FAF1, ambayo huhusika katika kuamua iwapo seli itaishi au itakufa. Katika baadhi ya ng'ombe, maandishi ya jeni hiyo yana badiliko dogo linaloikatiza katikati, mithili ya agizo linalokatika kabla ya kukamilika. Ng'ombe 20 walikuwa wamerithi badiliko hilo kutoka kwa baba na mama pia. Kati yao alikufa mmoja tu. Miongoni mwa 97 ambao hawakuwa nalo kabisa, walikufa 44.

Hapana budi kutahadhari. Wanyama 20 si wengi, na kuhusishwa kwa jeni na kunusurika si sawa na kuthibitisha jinsi jeni yenyewe inavyofanya kazi ndani ya seli. Hata hivyo, watafiti hawakutosheka na ukoo mmoja. Walipima tena katika kundi jingine lisilotokana na lile la kwanza, na uhusiano ule ule ukajitokeza.

Maana yake kwa mfugaji ni rahisi kueleweka. Iwapo kinga hii hurithiwa, na iwapo inaweza kutambuliwa kwa kipimo cha vinasaba, basi fahali anaweza kuchaguliwa akiwa bado ndama, kabla hajapata kuumwa na kupe hata mmoja.

Kwa sasa kinga iliyopo ni chanjo iliyobuniwa Muguga, kaunti ya Kiambu, katika miaka ya 1970. Chanjo hiyo humpa mnyama vijidudu vilivyo hai huku akidungwa dawa ya kuvidhibiti. Inafanya kazi vyema. Taabu yake ni kwamba sharti ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja huwa na dozi takribani 40. Ukishayeyushwa ni lazima utumike wote siku hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe wawili atawatoa wapi majirani wa kujaza hesabu, tena wote waliokubaliana siku moja?

Lipo pia suala la josho. Wazee wa vijiji vingi wanakumbuka enzi ambapo serikali iliendesha majosho na kila mtu alilazimika kupeleka mifugo wake. Huduma hizo zilipopunguzwa na kuachiwa watu binafsi katika miaka ya 1990, majosho mengi yalikauka, na leo baadhi yake ni mashimo ya saruji yaliyoota magugu. Mfugaji akaachwa na pampu ya mgongoni na dawa ambayo kupe, kwa kuizoea, wanazidi kuistahimili.

Ndama wa Busia

Utafiti mwingine usiopaswa kusahauliwa ulifanyiwa magharibi mwa Kenya, katika maeneo yanayopakana na Uganda. Kuanzia 2007, ndama 548 wa ng'ombe wafupi wa kienyeji, wale zebu ambao kila mwenyeji wa Busia anawajua, walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi walipokaribia kutimiza mwaka mmoja. Walitembelewa kila baada ya majuma matano, wakapimwa uzani, damu na kinyesi. Hawakutibiwa wala kuogeshwa kwa ajili ya utafiti; waliachwa waishi kama ndama yeyote wa kijijini aishivyo.

Mradi huo ulionyesha mambo mawili makubwa. Kwanza, ndigana kali ndiyo iliyoongoza katika kuua. Pili, vinasaba vya ndama vilipochunguzwa, ilibainika kwamba wale waliokuwa na kiasi kikubwa cha damu ya ng'ombe wa Ulaya waliugua mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Wenye ndama hao wengi hawakujua kwamba kuna damu ya Ulaya zizini mwao. Fahali wa gredi wa jirani aliruka ua miaka mingi iliyopita, au mbegu ya mrija ilitumika mara moja kwa nyanya ya ndama huyo, na habari ikaishia hapo. Kijijini hakuna daftari la nasaba.

Takwimu za mradi huo zilizaa ugunduzi mwingine mnamo 2015, nao kwa maoni yangu ndio wa ajabu kuliko yote. Ndama walioambukizwa aina nyingine za Theileria zisizo kali walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kuuawa na ile kali. Upungufu huo wa vifo ulikadiriwa kuwa asilimia 89. Kwa maneno mengine, ndama wa kienyeji hapigani vita peke yake. Maradhi madogo anayoyapata mapema humfunza mwili kukabiliana na yale makubwa. Anayemwogesha ndama wa kienyeji kwa dawa kila juma, akidhani anamlinda, huenda anamnyima mafunzo hayo. Kwa ndama wa Friesian ushauri huo ungekuwa hatari, na hapo ndipo penye ugumu wa kutoa agizo moja kwa wafugaji wote.

Uboho na mbung'o

Tuuache upande wa kupe tuende kwa mbung'o. Ugonjwa wa nagana umewafukuza wafugaji kutoka sehemu kubwa ya bara hili kwa karne nyingi. Hata hivyo, huko Afrika Magharibi kuna ng'ombe mdogo asiye na nundu aitwaye N'Dama (jina lake lisimkanganye msomaji, huyu si ndama bali ni aina kamili ya ng'ombe) ambaye hukaa kwenye misitu ya mbung'o, akaambukizwa, na asife.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya ILRAD ya Kabete, ambayo baadaye iliungana na taasisi nyingine ya Addis Ababa kuunda ILRI, ilileta viinitete vya N'Dama vilivyogandishwa kutoka Gambia. Vilipandikizwa katika ng'ombe wa Boran, na hivyo N'Dama wakazaliwa Kenya bila mama zao kuvuka mpaka hata mmoja.

Swali lilikuwa: kinga ya N'Dama imo katika tishu gani? Watafiti walitumia jambo ambalo wafugaji wengi wanalifahamu kwa namna nyingine. Pacha wa ng'ombe huunganishwa na mishipa ya damu wakiwa tumboni, na seli zinazotengeneza damu huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Ndiyo sababu mtamba aliyezaliwa pamoja na dume mara nyingi huwa tasa.

Basi kiinitete cha N'Dama kiliwekwa katika mji mmoja wa mimba pamoja na vya Boran. Akazaliwa N'Dama ambaye mwili wake ni wa N'Dama lakini uboho wake, na hivyo damu yake, kwa kiasi kikubwa ni wa Boran. Kisha akaambukizwa nagana.

Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2003 yalikuwa ya kustaajabisha. Mnyama huyo alipungukiwa na damu kama Boran wa kawaida. Lakini idadi ya vijidudu mwilini mwake ilibaki chini kama ilivyo kwa N'Dama. Ikadhihirika kwamba kinga ile si kitu kimoja. Uwezo wa kutopungukiwa na damu umo katika uboho. Uwezo wa kuvizuia vijidudu visiongezeke umo katika tishu nyinginezo.

Mwaka huo huo wa 2003, kikundi kilichoongozwa na Olivier Hanotte, aliyekuwa ILRI wakati huo, kilitoa matokeo ya kuwachanganya N'Dama na Boran hadi kizazi cha wajukuu. Wajukuu 177 walipimwa vinasaba. Maeneo mbalimbali ya kromosomu yalihusishwa na kinga, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba katika maeneo matano sehemu iliyo bora ilitoka kwa Boran, wala si kwa N'Dama. Katika tisa ilitoka kwa N'Dama. Hivyo mnyama atakayechanganya mema ya pande zote mbili anaweza kuwashinda wazazi wake wote wawili.

Waorma wa kaunti ya Tana River wangeweza kumweleza mtafiti yeyote kwamba Boran nao wana yao. Katika miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana, Boran wa Waorma walilinganishwa na Boran wa ranchi waliokuwa wamechaguliwa kwa unene na umbo la nyama. Wale wa Waorma walistahimili nagana vizuri zaidi. Hawakuwa wameteuliwa na bwana mifugo yeyote. Walikuwa wameteuliwa na mbung'o, na na wafugaji waliohifadhi uzao wa ng'ombe waliobaki hai.

Ngozi, jasho na nundu

Tusidhani kwamba mambo yote ni ya magonjwa. Ukikata kipande kidogo cha ngozi ya zebu na kukitazama kwa hadubini, utaona tezi za jasho zilizo kubwa, zenye umbo la mfuko, zilizo karibu na uso wa ngozi. Za ng'ombe wa Ulaya ni ndogo zaidi, na zimo ndani zaidi. Manyoya ya zebu ni mafupi na laini, na ngozi yake ni pana kuliko mwili unavyoihitaji, ndiyo maana hulegea shingoni na chini ya kifua.

Hata seli zenyewe zinatofautiana. Chembechembe nyeupe za damu na viinitete vya ng'ombe wa jamii ya zebu vinapotiwa katika joto kali maabarani, huhimili kuliko vya ng'ombe wa Ulaya. Hapo hakuna jasho wala kivuli. Ni seli pekee ndani ya chombo cha kioo.

Nundu nayo ni msuli uliochanganyika na mafuta. Inapotokea juu ya mabega, mwenyewe kwa kawaida ni zebu. Inapokuwa mbele kidogo, kuelekea shingoni, na kuwa ya msuli zaidi, aghalabu mnyama ni wa jamii ya sanga, kama Ankole wa pembe ndefu wa Uganda na Rwanda.

Upande wa nyama, tishu za zebu hazimsaidii. Msuli wake huwa na kiasi kikubwa cha protini inayozuia vimeng'enya vya kulainisha nyama baada ya kuchinjwa. Mwenye kutafuna nyama choma ya ng'ombe mzee kutoka nyanda kame anaijua sayansi hiyo kwa meno yake.

Kwa Waborana wa kaskazini, sifa kuu ni nyingine. Wakati wa kiangazi ng'ombe wao hunyweshwa kila siku ya tatu, kwa kuwa visima viko mbali na malisho. Friesian angeporomoka siku ya pili. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambao misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, wa kienyeji wakiwemo kwa wingi. Kwa hivyo tusimfanye mnyama huyu kuwa malaika. Anastahimili ukame, hana uwezo wa kuishi bila nyasi kabisa.

Asili yake nayo inafaa kujulikana, kwa kuwa wapo wanaosema ng'ombe wa kienyeji asichanganywe kamwe, wakidai yeye ni safi. Si safi. Utafiti uliochapishwa mnamo 2020, uliosoma vinasaba vyote vya ng'ombe 172 wa aina 16 za Afrika, ulionyesha kwamba wengi wao ni mchanganyiko wa ng'ombe wasio na nundu waliokuwepo tangu kale na zebu wenye asili ya Asia. Mchanganyiko huo ulishika kasi takriban miaka 1,000 iliyopita, enzi ambapo biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa imestawi katika pwani yetu na Pembe ya Afrika.

Tena vinasaba vinavyorithiwa kwa mama pekee vinaonyesha kwamba zebu wetu, kwa upande wa mama, ni wa ukoo ule wa kale. Ni mafahali wa Asia waliokutana na majike wa Afrika. Wafugaji wa kale waliboresha mifugo yao kwa mbegu ya kigeni, kama tufanyavyo sisi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na karne kadhaa za kuona nani atabaki, na tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ikawachuja waliosalia kwa ukatili.

Nani atafaidi?

Hapa ndipo siasa inapoingia. Tangu ugatuzi uanze mnamo 2013, ufugaji umekuwa chini ya kaunti, na kaunti nyingi zimepata umaarufu kwa kutoa huduma za mbegu za mrija kwa bei nafuu. Kituo cha Kabete kilichoanzishwa mnamo 1946, ambacho siku hizi huitwa Kituo cha Raslimali za Kijenetiki za Wanyama cha Kenya (KAGRC), huuza mbegu za mafahali wa kigeni na hata za Boran na Sahiwal. Lakini gavana anayetafuta kura hatapigiwa makofi kwa kuzindua mbegu ya Boran. Makofi ni ya lita 20 za maziwa.

Nami sitamlaumu mkulima wa Nyeri au Kericho anayemtaka Friesian. Ana nyasi, ana baridi, ana kiwanda cha maziwa karibu. Ng'ombe wa kienyeji wa Busia anayetoa lita moja au mbili kwa siku hatamlipia karo. Mgala muue na haki yake mpe: maziwa ya ng'ombe wa gredi yamesomesha watoto wengi wa nchi hii.

Kosa ni kuichukua mbegu ile ile na kuipeleka Makueni, Kwale au Tana River, kwa bei ya ruzuku, bila josho, bila chanjo na bila daktari. Mbegu hupatikana kwa shilingi chache. Ndama aliyezaliwa hugharimu maelfu kumlinda. Ruzuku hulipia lile la kwanza, na mfugaji huachiwa lile la pili. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa wafugaji wengi wa nyanda kame msala huo umekwisha kupita.

Kuna na suala la umiliki. Ramani ya kwanza ya vinasaba vya ng'ombe, iliyochapishwa mnamo 2009, ilitokana na jike wa Hereford wa Marekani. Kwa miaka mingi kila ng'ombe wa Afrika alisomwa kwa kulinganishwa na huyo. Mnamo 2022 ramani mpya iliyojumuisha Ankole na N'Dama ilionyesha kwamba asilimia 4.2 zaidi ya maandishi ya vinasaba haikuwemo kabisa katika ile ya Hereford. Ni sawa na kusoma kitabu chetu kwa kamusi ya watu wengine, kisha kusema maneno tusiyoyakuta humo hayana maana.

Maandishi hayo sasa yamo kwenye hifadhi za kompyuta, wazi kwa yeyote ulimwenguni. Damu ya Boran yenyewe ilikwisha kufika Zambia, Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kenya ilitunga kanuni za kugawana manufaa ya raslimali za kijenetiki mnamo 2006, na ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutekelezwa mnamo 2014. Kanuni hizo ziliandikwa zikifikiria mtu anayebeba sampuli kwenye chupa. Hazikumfikiria anayepakua herufi za vinasaba akiwa ofisini mwake ng'ambo.

Hazina ya Cali, iliyozinduliwa Februari 2025 chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, inalenga pengo hilo hasa. Kampuni kubwa zinazonufaika na maandishi hayo ya kidijitali zinatarajiwa kuchangia asilimia moja ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha hizo zielekezwe kwa jamii asilia na wenyeji. Uchangiaji wenyewe ni wa hiari. Iwapo Waorma na Waborana watawahi kuona senti ya mchango huo kutategemea kama serikali ya Nairobi itakuwa imeandika, kwa ushahidi, kwamba ng'ombe hao ni kazi ya mikono yao.

Ushahidi huo haupo, kwa sababu ile ile iliyoukwamisha uteuzi wa mafahali. Wenye ranchi za Boran wana chama chao tangu 1951, na wameweka kumbukumbu za nasaba kwa miongo kadhaa. Wafugaji wa kuhamahama na wakulima wa Busia hawana chama cha aina hiyo. Nasaba zao zimo vichwani mwa wazee, na kila kiangazi kikali huondoka na sehemu ya kundi, pamoja na sababu ya kuikumbuka.

Hatua za kwanza si ghali. Kipimo cha badiliko lile la kromosomu ya 15 chaweza kufanywa kwa nywele chache za mkia. KAGRC inaweza kuwapima mafahali wake wa Boran wote na kuchapisha matokeo katika orodha ya mbegu, kando ya uzani na rangi. Kaunti zenye ndigana kali zikawekea mbegu hizo ruzuku kwanza, na kumlipa bwana mifugo kwa idadi ya ndama waliofikisha mwaka mmoja badala ya idadi ya mirija aliyotumia. Nao mafahali wachache wa Waorma na wa zebu wa magharibi wachukuliwe mbegu na kuhifadhiwa Kabete sasa, wangali wapo, kwa majina ya wenyewe.

Makadirio ya bajeti za kaunti huwasilishwa katika mabunge kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo mfugaji ana haki ya kuuliza: kati ya ndama waliozaliwa kwa mbegu za kaunti mwaka uliopita, ni wangapi walio hai?